Kuikagua Bodi Mama ya Kompyuta ya Mezani: Mpangilio Kwanza, Sifa za Boksi Baadaye



Mteja akija dukani kuulizia bodi mama, kwa kawaida huuliza mambo mawili: inapokea prosesa gani, na inabeba ramu kiasi gani. Ni maswali ya haki, ila majibu yake yameandikwa kwenye boksi. Lisiloandikwa ni kila kitu kimekaa wapi, na hilo ndilo litakalompa fundi nafuu au adha kwa muda wote bodi itakapokuwa kazini. Ninachoshikilia katika mada hii ni kwamba tukague kwanza mpangilio wa bodi na jinsi inavyoilisha prosesa umeme, ndipo tuhesabu matundu.

Mfano wangu ni bodi za chipu ya B450. AMD iliitoa mwaka 2018 kwa ajili ya soketi ya AM4, soketi iliyodumu kuliko ilivyozoeleka: bodi nyingi za aina hii, zikishasasishwa bayosi, zimepokea hadi prosesa za Ryzen 5000. Kwa shule inayoboresha mashine zake kidogo kidogo, hiyo ni faida kubwa. Lakini bodi iliyokaa stoo na bayosi ya zamani haitawaka ukiiwekea Ryzen 5 5600. Feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Hapo utatafuta prosesa ya zamani ya kuazima, isipokuwa kama bodi ina kitufe cha kusasisha bayosi kwa flashi bila prosesa. Kitufe hicho nakilipia bila kusita.

Sasa vipimo. ATX, muundo ulioletwa na Intel mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. MicroATX kamili ni 244 kwa 244, ila za bei nafuu mara nyingi hupunguzwa upana, na matundu ya skrubu ya ukingo wa kulia hayapo. Ukingo huohuo ndio wenye sloti za ramu na plagi ya umeme ya pini 24, plagi ngumu kuliko zote. Ukiikandamiza, unaiona bodi ikibonyea, na kila ikibonyea viungo vya lehemu vinavutwa. Fundi atie vidole chini ya ukingo anapochomeka. Mnunuzi apendelee bodi inayoshikwa pande zote mbili.

Jambo ninalotaka tulikazie macho ni eneo linalozunguka soketi. Sapulai inaleta volti 12, na prosesa inataka volti moja na kitu. Prosesa inayokula wati 65 kwa volti 1.3 inavuta ampea 50, wakati pasi ya nyumbani kwa kawaida haifiki ampea 10. Mkondo huo wote unapita kwenye koili na transista ndogo zilizopangwa kando ya soketi. Zitazameni: je, zimefunikwa kwa hitisinki ya chuma iliyokazwa kwa skrubu, au ziko wazi? Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi, tofauti hiyo ni kubwa. Transista zikipata moto kupita kiasi, prosesa hupunguziwa kasi, na mtumiaji hulalamika kuwa mashine imekuwa nzito bila kujua chanzo.

Kwa bodi zilizotumika, hasa za miaka ya mwanzo ya 2000, angalieni vichwa vya kapasita. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye mikato. Iliyovimba kichwani, au yenye ukoko wa kahawia kwenye mikato, imekwisha. Pia mashine nyingi za ofisini zina plagi ya umeme ya mtengenezaji mwenyewe. Sapulai ikiungua, ya kawaida haiingii.

Tukirudi kwenye B450, tazameni sloti ya M.2 ilipo. Ikiwa chini ya kadi ya picha, diski itapikwa na joto la kadi, na kuibadilisha kutalazimu kung'oa kadi kwanza. Betri ya CR2032 nayo hufichwa hapohapo. Matundu ya SATA yanayotazama juu huzibwa na kadi ndefu; yaliyolala ubavuni ni bora. Tena, kwenye bodi kadhaa ukitumia M.2 ya pili, baadhi ya SATA huzimika. Hilo limeandikwa katika kitabu cha maelekezo, na wachache hukifungua.

Tundu la HDMI nalo huwaponza wengi. Ryzen 5 5600 haina chipu ya picha ndani, hivyo HDMI ya bodi haitoi kitu, hata ukiweka kadi ya picha. Inayofaa maabara ya shule ni 5600G.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na bodi za H81 za mwaka 2013, zinazotumia prosesa za Intel za kizazi cha nne, haziko katika orodha ya Windows 11. Bado zinaendesha Linux vizuri, na shule inayofundisha programu za bure haina haja ya kuzitupa.

Naomba katika majadiliano tuandike pamoja vipengele vya kuingiza kwenye nyaraka za zabuni za shule: hitisinki kando ya soketi, toleo la bayosi, plagi ya kawaida ya pini 24, na skrubu kwenye ukingo wa kulia.