Uwezo, Sababu na Nia: Namna ya Kuichambua Hotuba

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Samuye)



Nimeombwa niseme machache juu ya masomo ya Kiswahili. Nitashika jambo moja tu: namna ya kumfundisha kijana kuichambua hotuba. Nimechagua ile ambayo kila mmoja wetu anaijua, au anadhani anaijua.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee. Alisema tutampiga, kisha akaendelea: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo."

Darasani mwanafunzi huandika "hii ni takriri", akapata alama yake, basi. Huko ni kutaja jina la dawa bila kujua inatibu nini. Naomba tuende mbele kidogo.

Kwanza, yabadilisheni maneno. Semeni, "Tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga." Maana ni ile ile, lakini moto umezimika. Mwalimu alitanguliza kitu chenyewe, akamalizia na "tunao", "tunayo". Kila sentensi inatua pale pale, kama mchi kinuni.

Pili, tazameni mpangilio. Siku hizi kwenye mpira na kampeni maneno hayo mara nyingi hugeuzwa, uwezo ukawekwa mwisho. Mwalimu alianza nao. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa mtu aliyesikia nchi yake imevamiwa: je, tutaweza?

Tatu, tazameni herufi moja. Alisema kum-piga, hakusema kuwa-piga. Adui ni mtu mmoja, wala si wananchi wa Uganda. Na baadaye wananchi wa Uganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na wanajeshi wetu.

Nne, ulizeni ni lipi kati ya matatu hayo lilikuwa na ushahidi siku ile. Sababu ilionekana: ardhi imetekwa. Nia aliijua msemaji. Uwezo ulikuwa ahadi. Ulithibitishwa Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, kwa gharama ya maisha na fedha ambayo sentensi zile tatu hazikuitaja.

Najua wako watakaonung'unika: huyu anampima Mwalimu? Ndugu zangu, kuipima hotuba si kumvunjia heshima msemaji. Mwalimu mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zikuze akili ya kudadisi.

Kwa nini nayasema haya Samuye? Vijana wetu hawatafika wote Chuo Kikuu, lakini wote watakaa mikutanoni. Huku kwetu, toka almasi ya Mwadui hadi dhahabu ya Geita, watu huja na maneno matamu: huyu anataka eneo, yule anakusanya michango ya kuchimba, mwingine anaomba kura. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Sauti hiyo yafaa nini ikiwa mwenye nayo hupiga makofi kabla ya kufikiri? Katika utumishi wangu nimehudhuria mikutano mingi, nikaona mikono ikiinuliwa kwa kuwa tu msemaji ana ulimi mzuri.

Basi kijana ayachukue maneno yale yale matatu ayafanye maswali. Ndugu msemaji, uwezo wa kulitimiza hilo unao? Tuonyeshe. Sababu ni ya nani, yako au yetu? Na nia yako ni ipi, mkutano ukishakwisha?

Napendekeza chama chetu kiipatie shule kinasa sauti na nakala ya hotuba ile, maana hotuba husemwa kwa ajili ya masikio, na anayeisoma kimyakimya hupata nusu yake. Mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia.