Gunia la Mkaa Hukaa Siku Ngapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Wanafunzi wa Zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Nilipopewa mada ya utunzaji wa mazingira nyumbani, niliwauliza wenzangu saba niliomaliza nao hapa swali moja tu: kwako gunia la mkaa hukaa siku ngapi? Mmoja alijibu. Waliobaki waliniambia, "Hilo muulize shemeji yako." Hawa ni watu wenye shahada zao, wamo wahandisi na wahasibu, na bei ya petroli wanaijua mpaka shilingi ya mwisho.

Basi tuanze na gunia hilo. Katika tanuru la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za mti. Kwa hiyo gunia la kilo 50 ni mti wa kilo 250 au zaidi, aghalabu kutoka misitu ya miombo, ambako hakuna aliyepanda kitu. Sherehe zetu za kupanda miti nazipenda, na nimehudhuria nyingi kikazi, lakini mche wa leo haulipi deni la gunia la leo.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, hivyo mtanisamehe nikitaja mkakati. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema. Hata hivyo maharage ya leo usiku hayangoji 2034.

Maharage ndiyo mlaji mkubwa wa mkaa katika nyumba nyingi. Yaloweke tangu jana yake, umwage maji hayo, uyapike kwa maji mapya, na sufuria ifunikwe. Yakishachemka kwa nguvu kama dakika 20, epua sufuria na kifuniko chake, uiweke ndani ya kapu lililosindiliwa matambara au blanketi kuukuu, ufunike juu, na uende zako shambani. Baada ya saa kadhaa yatakuwa yameiva, au yatataka moto kidogo tu. Msiruke ule mchemko wa kwanza, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliiondoi. Mkaa uliobaki usiachwe ujiishie; tia katika debe la bati lenye kifuniko, nje ya nyumba, uzimike kwa kukosa hewa, na kesho utawaka tena.

Wenye umeme wana njia bora zaidi. Watu hudhani kupika kwa umeme ni anasa, lakini sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Kinachouma ni bei ya kuinunua. Kina mama wa upatu wangeimaliza shida hiyo kwa mzunguko mmoja. Sisi wanaume tuna vikao vingi, lakini vya namna hiyo sivioni.

Mengine nitayapitia upesi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na vikapu vikarudi sokoni bila mtu kufa njaa. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga yaende shimo la mboji, si motoni pamoja na chupa za plastiki, maana moshi ule watoto wanauvuta.

Wadogo zetu, maji ni hesabu yenu ya Kidato cha Kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la meta za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20, lita 1,000 zimeshuka, ingawa nyingine hupotea njiani. Bila mfereji wa bati zote zinachimba makorongo uani, na kesho yake mtu anabeba ndoo kwenda bombani.

Ndugu Mwenyekiti, shule hii nayo ni nyumba, tena kubwa kuliko zetu zote. Leo asubuhi nimepita jikoni. Wapishi bado wanapikia mafiga, macho mekundu, na kilima cha nyuma tulikokuwa tukiokota kuni siku za Jumamosi sasa kimebaki nyasi. Paa la bwalo halina mfereji hata mmoja. Nimeambiwa kuwa michango yetu ya mwaka huu imependekezwa ijenge lango jipya lenye jina la Chama. Naomba majiko banifu ya jikoni, mifereji na tangi la bwalo viingizwe katika ajenda ya mkutano wa mchana huu, na vijadiliwe kabla ya lango.