Kimya cha Samaki si Kifo: Kuwasikiliza Samoni Baharini



Mwaka 2009 Kanada ilitarajia zaidi ya samoni milioni 10 wa aina ya sokai warudi Mto Fraser, katika jimbo la British Columbia. Walirudi kama milioni 1.5. Mwaka uliofuata wakaja karibu milioni 30. Wavuvi, wakiwamo watu wa mataifa ya asili ambao maisha yao yamefungamana na samaki huyu, walitaka kujua wale wa 2009 walifia wapi. Ukiwahesabu wanaposhuka kwenda baharini na wanaporudi kuzaa, miaka miwili ya katikati hubaki gizani.

Mawimbi ya redio hufifia upesi katika maji ya chumvi, lakini sauti hupita humo kwa kasi ya mita 1500 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo samoni mchanga hulazwa kwa dawa, hupasuliwa kidogo tumboni, huwekewa kidude chenye kipenyo cha milimita 7, kisha hushonwa. Kidude hicho hulia kwa namba yake pekee, mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Mradi wa POST, uliokuwa sehemu ya Sensa ya Viumbe wa Baharini, ulipanga vipokezi sakafuni mwa bahari kukatisha milango ya pwani ya Pasifiki, mfano wa wando. Tofauti ni kwamba wando huu haumzuii samaki, unamsikia akipita.

Hapa ndipo naomba tutulie. Samaki asiposikika, amekufa? Huenda alipita bahari ikiwa imechafuka, au milio miwili iligongana. Tuchukue mfano wa kufikirika. Tumewaachia samaki 100. Mstari wa kwanza wa vipokezi umewasikia 40, na wa pili, ulio mbele zaidi, umewasikia 30. Kati ya hao 30, ni 24 tu waliosikika pia kule nyuma. Maana yake mstari wa kwanza husikia wanane katika kila kumi wanaoupita, basi waliopita hapo si 40, ni 50 hivi. Hao kumi tungewazika wakiwa hai.

Hesabu za namna hii ndizo zilizomwezesha mtafiti David Welch na wenzake kuchapisha, mwaka 2008, matokeo yaliyowashtua wengi: samoni wachanga wa Mto Columbia, wanaovuka mabwawa manane wakitokea Mto Snake, waliokoka safari ya mtoni angalau sawa na wale wa Fraser, ambao njia yao haina bwawa. Wapo waliolipokea hilo kama cheti cha kuyasafisha mabwawa. Mimi sikubali. Samaki anaweza kuvuka bwawa akiwa hai na kubeba majeraha yatakayomuua baadaye baharini, na Fraser nayo ina maadui wake.

Mashaka mengine yamo katika kifaa chenyewe. Samaki mdogo hawezi kukibeba. Katika Ziwa Chilko, kwenye bonde la Fraser, miaka ya mwanzo waliwekewa wale wakubwa wa miaka miwili, ilhali wengi huteremka wakiwa na mwaka mmoja. Tena samoni akimezwa, kidude huendelea kulia ndani ya tumbo la aliyemla, na kipokezi huandika kwamba samoni amepita.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu kwamba asiyeonekana si lazima awe hayupo. Kisiwani Mafia ilidhaniwa papa potwe huondoka msimu wa kuonekana ukiisha. Vipokezi vilionyesha kuwa wengi hubaki, wakisogea tu kwenye maji ya mbali na yenye kina.

Limebaki tatizo la mstari wa mwisho. Kila mstari husahihishwa na ulio mbele yake, na wa mwisho hauna wa kuusahihisha: kimya chake hakitenganishi waliokufa na waliopita bila kusikika. Samoni wa Fraser wakishauvuka, mbele yao ni bahari kuu ya Pasifiki, ambako hakuna mlango mwembamba wa kutegea sikio, na huko ndiko wanakomalizia sehemu kubwa ya ile miaka miwili.