Tupime Bahari Yetu Wenyewe



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nataka kuzungumza juu ya mali tunayoiona kila siku pasipo kuifungulia daftari, nayo ni bahari.

Tangu viwanda vya Ulaya vilipoanza kuchoma makaa ya mawe, binadamu amerusha angani hewa ya ukaa kwa wingi. Bahari humeza karibu robo ya hewa hiyo, nayo ikichanganyika na maji hufanya tindikali. Kwa kipimo cha pH, maji ya juu ya bahari za dunia yameshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1 hivi. Bahari haijageuka tindikali, lakini ngazi za kipimo hicho huzidiana mara kumi. Kwa hiyo upungufu huo mdogo ni ongezeko la tindikali la zaidi ya robo.

Matumbawe, chaza na kome hujenga miili yao kwa chokaa. Tindikali ikizidi, ujenzi huo huwa mgumu. Miamba ya Mbudya na Bongoyo, iliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 1975, ni maskani ya samaki na ngao ya pwani. Miamba ya mkoa huu imepigwa baruti kwa miaka mingi, na joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Mwamba unaojiuguza ukikosa chokaa, mvuvi wa Kunduchi atakosa kitoweo.

Ndugu zangu, kupima jambo hili kunataka subira. Mchana majani ya bahari hutumia hewa ya ukaa na tindikali hupungua, usiku huongezeka. Uchafu unaoletwa na mto Msimbazi nao huoza na kutoa hewa hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuwa na vituo karibu na ufuko na vingine kwenye kina kirefu, vipimwe kwa njia ile ile miaka nenda miaka rudi. Kituo cha mbali kitatuonyesha mzigo wa dunia. Tofauti yake na cha karibu itatuonyesha mzigo wetu wenyewe.

Wataalamu tunao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliundwa Zanzibar mwaka 1978, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, yenye makao Kunduchi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Malengo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 nayo yanazitaka nchi zipime tindikali ya bahari. Basi mtumishi anayepanga bajeti asilikate fungu la vipimo katikati ya safari, kwani mwaka uliopita bila kupimwa haurudi.

Nanyi walimu, pulizeni pumzi kwa mrija katika maji ya chokaa mbele ya wanafunzi. Yatakuwa meupe kama maziwa. Mkizidi kupuliza, yataanza kung'aa tena, kwa kuwa chokaa inayeyuka. Hilo ndilo tunaloliogopea matumbawe.

Hatuwezi peke yetu kuzima moshi wa mataifa makubwa. Lakini uchafu wa mito yetu ni wetu kuuzuia, na katika baraza la mataifa mwenye hesabu zake mkononi hadanganywi kwa hesabu za wengine.