Mguu Unaosimamisha Safari: Maradhi ya Mishipa ya Damu ya Miguuni

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mganga mbele ya Makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi katika semina ya elimu ya wanachama. Tunayachapa ili yapate kusomwa katika mikutano ya vyama.)



Nashukuru kupewa nafasi katika semina ambayo kwa desturi huzungumzia hesabu, mizani na pembejeo. Msingi wa tano wa ushirika unatuagiza tupeane elimu, mafunzo na habari, wala hausemi kwamba elimu hiyo iishie katika vitabu vya stakabadhi. Mali ya kwanza ya chama ni mwanachama mwenyewe, na mwanachama huja chamani kwa miguu yake. Habari za miguu hiyo ndizo nilizokuja nazo leo.

Yako maumivu ambayo kila mmoja wetu amepata kuyaona kwa jirani yake. Mtu wa makamo anatembea njiani. Akifika mwendo fulani, tuseme hatua mia mbili, shavu la mguu linambana kwa maumivu mpaka anasimama. Akipumzika dakika chache maumivu yanatoweka kabisa. Anashika njia tena, na akimaliza hatua nyingine mia mbili yanamrudia. Akiulizwa husema, "Ni uzee tu," au "Ni baridi yabisi." Nyumbani humkanda kwa maji ya moto.

Ndugu zangu, uzee hauna tabia ya kuja kwa hatua mia mbili na kuondoka kwa dakika tano. Maumivu ya namna hii yanatupasa kushuku maradhi ya ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi kwenye nyayo. Waganga wameyajua kwa muda mrefu. Mwaka 1831 mganga wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Bouley alieleza habari za farasi aliyechechemea kila alipofanyishwa kazi na kupona kila alipopumzishwa. Mwaka 1858 Charcot, naye wa Ufaransa, akaeleza hali hiyo hiyo kwa binadamu.

Maradhi yenyewe ni nini

Ateri nzima ni laini kwa ndani. Miaka inavyopita, mafuta na chokaa hujikusanya katika kuta zake, na njia ya damu ikawa nyembamba. Wenye mashamba ya umwagiliaji watanielewa upesi. Mfereji uliojaa tope huweza kutosheleza kitalu, lakini siku shamba zima linapohitaji maji, mkulima wa mwisho hapati kitu. Vivyo hivyo, mguu uliopumzika huhitaji damu kidogo na haulalamiki. Mguu unaotembea huhitaji nyingi zaidi, na hapo ndipo upungufu unapojulikana. Maradhi yakizidi, mguu huuma hata mtu akiwa amelala, hasa usiku. Kidonda kidogo hakifungi. Na mwisho nyama ya vidole hufa, ikawa hapana budi kukata.

Lakini si wote wanaoonywa kwa maumivu. Nchini Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2001 uliwapima watu 6,979 waliokuwa na miaka 70 na zaidi, au miaka 50 hadi 69 wakiwa wavutaji wa sigara au wagonjwa wa kisukari. Asilimia 29 walikuwa na maradhi haya, na kati yao ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa na maumivu kama nilivyoyaeleza. Wengine hawakuwa na dalili hiyo, au walikuwa na maumivu ya namna nyingine.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri au ya wageni. Hesabu iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba watu milioni 202 duniani walikuwa nayo mwaka 2010, na karibu 70 katika kila 100 waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hesabu nyingine ya mwaka 2019, iliyohusu watu wa miaka 25 na zaidi, ilikadiria wagonjwa karibu milioni 237 kwa mwaka 2015. Hapa Afrika, wazee wa miaka 65 na zaidi walipimwa mwaka 2011 na 2012 katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na katika Kongo ya Brazzaville, mijini na vijijini, na karibu 15 katika kila 100 wakaonekana kuwa nayo.

Kwa nini nasema ni jambo zito? Kwa sababu ateri za miguuni ni ndugu wa ateri za moyoni na za kichwani, na lililoipata moja huenda limezipata zote. Katika utafiti wa San Diego, Marekani, uliotangazwa mwaka 1992, watu waliofuatiliwa kwa miaka kumi walionyesha kwamba mwenye maradhi ya ateri kubwa za miguu alikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa karibu mara sita ya asiye nayo. Basi mguu unaosimama njiani unaleta salamu za moyo. Anayeupuuza hahatarishi mguu peke yake.

Sababu zinazoyaleta

Umri hatuwezi kuurudisha nyuma. Lakini sababu nne kubwa ziko chini ya uwezo wetu, nazo ni uvutaji wa tumbaku, ugonjwa wa kisukari, shinikizo kubwa la damu, na wingi wa mafuta ya damuni yaitwayo lehemu.

Naanza na tumbaku, nikijua kwamba ndani ya ukumbi huu wamo wanaoilima na kusomesha watoto kwa fedha yake. Sikuja kumshutumu mkulima. Habari za zao na bei yake zina mkutano wake. Nasema na yule anayeivuta, awe mkulima au asiwe. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu 13,355 kwa miaka mingi, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba mtu aliyevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 40 alikuwa na hatari ya maradhi ya mishipa ya miguu karibu mara nne ya asiyepata kuvuta. Hatari ya maradhi ya moyo iliongezeka mara mbili hivi. Maana yake ni kwamba moshi, ambao tumezoea kuuhesabia mapafu na moyo, huidhuru miguu zaidi. Tena alama yake haifutiki upesi: walioacha waliendelea kuwa na hatari iliyozidi kidogo hata kufika miaka 30. Lakini hatari ilipungua kadiri miaka ya kuacha ilivyoongezeka. Kwa hiyo anayesema "nimekwisha chelewa" anajinyima faida ambayo bado ipo, na kijana ambaye hajaanza ndiye mwenye faida kubwa kuliko wote.

Sababu ya pili na ya tatu huenda pamoja. Utafiti mkubwa wa Uingereza juu ya kisukari ulitangaza mwaka 2002 kwamba kila nyongeza ya asilimia moja katika kipimo cha wastani wa sukari ya damu iliambatana na ongezeko la asilimia 28 la hatari ya maradhi haya, na kila nyongeza ya milimita 10 za shinikizo la damu iliambatana na ongezeko la asilimia 25. Kisukari kina hila ya ziada. Huiziba mishipa ya damu, na huku huiua mishipa ya fahamu ya nyayo, hata mtu akakanyaga mwiba asijue. Mwaka 2005 waganga wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la utaalamu habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, kwa sababu miguu ilikuwa na ganzi. Mguu wa namna hiyo, ukiwa tena haupati damu ya kutosha, hauna mlinzi wala fundi.

Hapa nirudi kwenye yale maji ya moto. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi asikandwe miguu kwa maji ya moto, wala asiote moto kwa nyayo. Yeye hasikii anapoungua, na ngozi isiyo na damu ya kutosha haiponi. Tendo la huruma la usiku mmoja laweza kumaliza mguu.

Namna ya kupima

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine kubwa. Mganga hupima shinikizo la damu mkononi, kisha hupima kwenye kifundo cha mguu, akitumia chombo kidogo kinachosikiliza mwendo wa damu. Hesabu ya mguuni hugawanywa kwa hesabu ya mkononi. Kwa mfano, mkono ukitoa 140 na mguu ukatoa 98, jibu ni 0.70. Kwa mtu mzima jibu huwa kati ya 1.00 na 1.40, likiwa 0.90 au chini yake, maradhi yapo. Kwa wenye kisukari cha miaka mingi, ateri huweza kuwa ngumu kwa chokaa na kutoa jibu kubwa lisilo la kweli, ndipo hupimwa kidole gumba cha mguu. Pale ambapo chombo hicho hakipo, mganga bado anaweza kupapasa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, na kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa akiyakosa. Mwanachama asiogope kusema, "Daktari, naomba unitazame na miguu."

Tiba

Tiba ya kwanza itawashangaza wengi: ni kutembea. Si kutembea kwa kujihurumia. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2021 uliwahusisha wagonjwa 305 kwa miezi kumi na miwili. Waliotembea kwa nguvu mpaka maumivu ya mguu yakaja, wakapumzika na kuendelea tena, waliongeza mwendo wao. Waliotembea polepole ili wasiumie hawakupata faida. Kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kupimwa, asiye na kidonda, na aliyeruhusiwa na mganga wake, atembee, aumie, apumzike, atembee tena, angalau mara tatu kwa juma kwa miezi kadhaa. Kumwekea kiti asitembee si kumsaidia.

Dawa nazo zina kazi. Dawa za kupunguza lehemu zilijaribiwa Uingereza, na miongoni mwa wagonjwa 6,748 wa mishipa ya miguu zilipunguza mashambulio ya moyo, kiharusi na mengineyo kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya kuchanganya aspirini na kiasi kidogo cha rivaroksabani, dawa inayozuia damu kuganda: madhara makubwa ya miguu yalipungua karibu nusu, lakini kutokwa damu kuliongezeka, hivyo ni mganga tu awezaye kuamua nani apewe. Mwaka 2025 ukatangazwa utafiti wa nchi 20, uliowahusu wagonjwa 792 wenye kisukari pamoja na maradhi haya. Waliodungwa semaglutaidi kwa mwaka mmoja waliwazidi wenzao kwa asilimia 13 katika mwendo walioweza kwenda. Hospitali kubwa huweza pia kupanua ateri kwa puto au kuipandikizia njia ya pembeni. Lakini dawa hizi mpya ni ghali, na upasuaji uko mbali. Kuacha sigara, kutembea, na kumeza dawa za shinikizo na za kisukari bila kuruka siku ni mambo yanayoweza kuanza juma hili.

Wajibu wetu

Ndugu Makatibu, ninyi mnamwona mwanachama kabla mganga hajamwona. Mnamwona akija kituo cha ununuzi, na mnajua ni nani siku hizi hupumzika mara tatu kwa njia aliyokuwa akiimaliza kwa pumzi moja. Mwiteni kando mumshauri aende zahanati. Pili, katika mkutano mkuu wa kila mwaka, ombeni mganga wa kituo cha afya aje apime shinikizo la damu na sukari. Tatu, wafundisheni wenye kisukari kutazama nyayo zao kila jioni, kuvaa viatu hata shambani, na kutong'oa sugu kwa wembe.

Na neno moja la dharura. Mguu uliopoa ghafla, ukabadilika rangi, ukauma sana au kufa ganzi, haungojei soko wala malipo ya pili. Mgonjwa afikishwe hospitali saa ile ile, maana saa chache ndizo zinazoamua kama mguu utabaki. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari nacho kitazamwe na mganga mapema, kabla hakijanuka.

Chama huandika katika daftari kila kilo inayoletwa na mwanachama. Miguu iliyoileta kilo hiyo haiandikwi popote, na ikikatwa hakuna hisa inayoirudisha. Nawaomba muiangalie ingali mizima.