Gari Lililoganda Halijafa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Tabaka)



Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi Machi korona iliingia Kenya, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa mpaka Agosti, watalii wakapotea. Vinyago vyetu vya mawe ya sabuni vikakosa mnunuzi. Kikundi kimoja tunachokitembelea kikaegesha pikapu yake ya petroli chini ya mparachichi. Kwa mvua zetu za Kisii, miezi kadhaa nje si mchezo. Walipotaka kuiwasha, injini ilikataa kuzunguka na magurudumu ya nyuma yalikuwa yameshika. Wazee wakasema iuzwe kama chuma kikuukuu. Vijana wakataka ivutwe kwa trekta.

Tukawaomba wangoje. Kitu kilichoganda hakijafa. Kinachokiua ni nguvu.

Tuanze na injini. Kutu kidogo ndani ya silinda hushika pistoni. Ukilazimisha, unavunja ringi. Toa waya wa betri, fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi katika kila silinda, uache siku mbili tatu. Kisha zungusha kranki kwa spana, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikiachia, rudisha betri, piga starta plagi zikiwa bado nje ili oili itoke. Simama kando, na moto uwe mbali.

Breki nazo? Hendibreki ilikuwa imeachwa juu, viatu vya breki vikashikana na drami. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua kwa jeki, tegemeza kwa stendi imara, shusha hendibreki, gonga drami polepole pande zote. Oili au mafuta taa yasiguse breki hata kidogo! Milima yetu mnaijua. Fundi aikague kabla haijaingia barabarani.

Pikapu ile iliwaka siku ya nne. Lakini kosa halikuwa la mvua. Kila mwanachama alidhani mwenzake anaitazama. Basi andikeni jina la mtu mmoja katika daftari la mkutano. Kazi yake: gari likilala, hendibreki iwe chini, gia iwe ndani, mawe yawe magurudumuni, na kila wiki liendeshwe mpaka injini ipate moto sawasawa.

Je, kwenu kuna gari, pampu au kinu kilicholala? Nendeni mkakitazame wiki hii.