Asikilizwe Kwanza, Ndipo Ahukumiwe
(Mawaidha kwa vijana na wazazi, Woodley, baada ya Sala ya Alasiri)



Ndugu zangu katika imani, Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Mada niliyopewa ni watoto wanaosimamishwa masomo na kufukuzwa shule. Nitasema kwa ufupi, maana Magharibi haiko mbali na kina mama wana sambusa jikoni.

Kila muhula tunawaona. Saa nne asubuhi kijana yuko na sare yake, anazunguka soko la Toi. Ukimuuliza anakwambia, "Nimetumwa nyumbani wiki mbili." Wiki mbili zinakuwa mwezi, mwezi unakuwa muhula mzima. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumfukuza. Siku ya kurudi ilipofika alikosa mtu mzima wa kwenda naye, basi akabaki mtaani. Jamani, huyo naye si amefukuzwa?

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi aliyesajiliwa kufukuzwa. Inaruhusu kuwekwa kanuni kwa mtoto mtukutu, lakini baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindikana, na baada ya mtoto na mzazi au mlezi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa. Na Katiba ya 2010, ibara ya 47, inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapomdhuru.

Hili si geni kwetu Waislamu. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimfunza asikate hukumu mpaka amsikilize na mtu wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua.

Wengi mkisikia mada hii mnafikiria hijabu tu. Ni kweli, safari hiyo imekuwa ndefu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa ombi la mwanafunzi wa Kenya High, hapa Kileleshwa, aliyetaka kuvaa hijabu. Katika kesi ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, Mahakama ya Rufaa ilikubali hijabu mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa sababu ombi lenyewe halikuwa limefikishwa kortini kwa utaratibu unaofaa.

Lakini mwezi huohuo wa Januari 2019, hapa jirani Kibera, msichana wa Kirasta alirudishwa nyumbani kutoka shule ya upili ya Olympic kwa sababu ya nywele zake. Baba yake hakukaa kimya, alikwenda kortini. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba Urasta ni dini na kwamba mtoto asizuiwe kusoma kwa ajili yake. Si Mwislamu, lakini haki aliyoipata inamfaa hata binti yako. Kwa hiyo akifukuzwa mtoto wa jirani asiye wa dini yetu, usiseme hayakuhusu.

Tuseme na upande wa pili. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Mtoto akikamatwa na bangi, au akimpiga mwenzake, tusikimbilie kusema shule inachukia Waislamu. Walimu wana amana ya mamia ya watoto. Sisi wa Woodley hatuhitaji kuelezwa hilo. Tunaukumbuka moto wa bweni la Moi Girls, Septemba 2017, na wasichana waliopoteza maisha. Nidhamu lazima iwepo. Tunachodai ni kusikilizwa; hatuombi kosa lifunikwe.

Basi mzazi mwenzangu, mtoto akiletwa nyumbani, weka mkanda chini. Muulize, msikilize mpaka amalize. Kisha nenda shule, umsikilize mwalimu naye kwa adabu. Omba barua yenye sababu na tarehe ya kurudi. Uliza bodi itakaa lini, na uwepo siku hiyo. Usipotendewa haki, kuna ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na zile siku za nyumbani zisiwe likizo: aazime daftari za wenzake, asome.

Na nyinyi vijana wa jumuiya, kazi yenu ni hii: kuna mama anayefua nguo za watu kutwa, akikosa siku moja hakuna daku. Mwanawe atarudi shule na nani? Msindikizeni mama huyo, muandikieni barua, mumfundishe kijana hesabu hapa msikitini baada ya Alasiri. Thawabu za Ramadhani si za futari peke yake.

Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu, awape walimu wao subira na uadilifu, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.